Mabango ya Mtaa wa Haight: Yalitolewa Bure, Leo Yamefungiwa Kabatini

Ndugu msomaji, iko miji ambayo mgeni huijua kwa majumba yake ya enzi, na iko mingine ambayo huijua kwa bahari yake au kwa masoko yake. San Francisco, katika jimbo la California huko Marekani, haikupungukiwa na kitu. Ina vilima, ina ghuba, na ina daraja ambalo picha zake zimeenea dunia nzima. Lakini leo nakualika tuyaache hayo yote kando, tukatembee katika mtaa mmoja tu, tukiwa na swali moja: imekuwaje karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, ikachukuliwa bure na kila aliyeitamani, ikaja kuwa mali ya kuwekewa bima na kufungiwa kabatini?

Safari yetu yaanzia pale zinapokutana barabara mbili, Haight na Ashbury, ambazo mtaa wote umechukua majina yake. Nyumba za hapa ni za mbao, ndefu na nyembamba, zimesimama bega kwa bega kama watu waliopanga foleni, na madirisha yake yametokeza nje kuangalia wapita njia. Nyingi zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na moto mkubwa uliofuata tetemeko la ardhi la mwaka 1906 haukuzifikia. Baadaye wenye uwezo walizihama, kodi ikashuka, na majumba yaliyojengewa familia moja yakagawanywa vyumba vya kupangisha. Penye kodi ndogo hapakosi wanafunzi, wapiga gitaa na wachoraji. Ndivyo ilivyokuwa hapa katika miaka ya 1960.

Hapana shaka umepata kusikia habari za mahipi: vijana wa kizungu, wengi wao watoto wa watu wenye nafasi, waliofuga nywele, wakavaa shanga, wakaikataa vita ya Vietnam na kuyabeza maisha ya kukimbizana na mali. Huu ndio uliokuwa mji mkuu wao. Januari 14, 1967 maelfu yao walikusanyika katika bustani ya Golden Gate, mwendo mfupi kutoka hapa, wakashinda mchana kutwa wakisikiliza muziki na mashairi. Kiangazi cha mwaka huo vijana wapatao 100,000, kama inavyokadiriwa, walimiminika katika mtaa huu uliokuwa hauna nafasi hata kwa robo yao.

Haifai kuyaeleza hayo kana kwamba yalikuwa harusi tupu. Dawa ya kulevya iitwayo LSD, iliyopigwa marufuku katika California Oktoba 6, 1966, ilikuwa kiini cha maisha yale, na ndiyo iliyoupa uchoraji wa hapa jina la saikedeliki. Neno hilo liliundwa katika miaka ya 1950 na daktari Humphry Osmond kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuidhihirisha roho. Lakini wengi waliofika kutafuta kudhihirishiwa roho waliambulia njaa, maradhi na vichwa vilivyovurugika. Juni 7, 1967 daktari kijana, David Smith, alifungua zahanati ya bure katika barabara ya Clayton ili kuwahudumia. Oktoba 6 ya mwaka huo huo wakazi wenyewe walibeba jeneza barabarani, wakafanya mazishi ya mzaha ya hipi, ili kuwaambia walioko mbali: msije tena, kwani kilichokuwapo kimekwisha.

Sasa tembea nami mitaa miwili kuelekea kaskazini, tufike kwenye ukanda mwembamba wa nyasi na miti uitwao Panhandle. Hapa, kuanzia mwaka 1966, kikundi cha Diggers kilikuwa kikigawa chakula kwa yeyote aliyekuja na bakuli. Walisimamisha fremu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano, na kila mwenye njaa alipita ndani yake kabla ya kupakuliwa. Maana yake haikuhitaji mkalimani: ukishapita hapa, tazama dunia kama mahali ambapo kitu hakina bei. Diggers walifungua hata duka ambalo vitu vyake vyote vilikuwa vya bure. Tafadhali ikumbuke fremu hiyo, ndugu msomaji, kwani tutakutana na fremu za namna nyingine kabla ya jua kuchwa.

Katika mazingira hayo ndipo yalipozaliwa mabango yetu. Linalohesabiwa kuwa la kwanza lilichorwa mwaka 1965 na George Hunter na Michael Ferguson kutangaza bendi yao, The Charlatans, iliyokuwa ikipiga katika kilabu cha Red Dog huko Virginia City, jimbo la Nevada. Mwaka uliofuata, San Francisco ikawa na kumbi mbili za dansi zilizoshindana kila mwisho wa juma: Fillmore, chini ya Bill Graham, na Avalon, chini ya Chet Helms na wenzake waliojiita Family Dog. Kila dansi ilihitaji tangazo, na kila tangazo lilihitaji mchoraji. Kwa hiyo kila juma bango jipya lilitoka kiwandani wino ukiwa haujakauka vizuri, likabandikwa madukani na kwenye nguzo. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa sentimita 36 kwa 51 hivi.

Halafu likatokea jambo ambalo wenye kumbi hawakulitazamia. Graham alikuwa akizunguka mjini mwenyewe kubandika mabango, na akigeuza mgongo watu wanayabandua kwenda kupambia vyumba vyao. Mfanya biashara mwingine angekasirika. Yeye alitambua kwamba tangazo limekuwa na thamani kuliko habari inayotangazwa. Mabango yakaanza kupigwa chapa zaidi, mengine yakagawiwa milangoni, mengine yakauzwa madukani kwa dola moja hivi. Na kwa kuwa kila ukumbi uliyapa mabango yake namba kwa kufuatana, mtu aliyekuwa na la 17 na la 19 hakulala usingizi mpaka alipolipata la 18. Mfululizo wa Graham ulifika namba 287 alipofunga ukumbi wake wa Fillmore West, mwezi Julai 1971.

Wachoraji watano ndio wanaotajwa kwanza: Wes Wilson, Victor Moscoso, Rick Griffin, Stanley Mouse na Alton Kelley. Wilson alichukua herufi zilizobuniwa Vienna na Alfred Roller mwanzoni mwa karne ya 20, akazivimbisha na kuzipinda hata zikajaza kila upenyo wa karatasi. Katika bango lake la Julai 1966 maneno yote yamekuwa ndimi za moto. Moscoso, mzaliwa wa Hispania, alikuwa amesomea rangi katika chuo kikuu cha Yale kwa mwalimu Josef Albers, na aliamua kuzivunja kwa makusudi kanuni alizofundishwa.

Kama wataka kuelewa alichofanya, chukua mfano wa kanga. Mchoraji wa kanga hutaka jina lisomeke hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara, ndiyo maana huweka maandishi meusi juu ya nyeupe. Sasa ichukulie kanga nyekundu, uandike jina lake kwa kijani kilichokolea sawasawa na wekundu wenyewe. Jicho litashindwa kuamua rangi ipi iko mbele na ipi iko nyuma, na kingo za herufi zitaonekana kutetemeka. Hiyo ndiyo siri ya Moscoso. Bango lake lilimlazimisha mpita njia asimame dakika tatu kulifumbua, na mtu aliyesimama dakika tatu amekwisha kunaswa.

Bango mashuhuri kuliko yote lina jambo linalotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Lilitengenezwa na Mouse na Kelley kwa dansi za bendi ya Grateful Dead katika ukumbi wa Avalon, Septemba 16 na 17, 1966. Laonyesha kiunzi cha mifupa ya binadamu kilichovikwa taji la mawaridi. Picha hiyo hawakuibuni wao. Waliikuta katika maktaba ya umma ya San Francisco, ndani ya kitabu cha rubai za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, kilichochorwa na Mwingereza Edmund J. Sullivan mwaka 1913. Ndizo rubai zile zile ambazo Shaaban Robert alizitia katika Kiswahili. Hivyo mshairi mmoja wa Nishapur, aliyekufa karne nyingi zilizopita, alitufikia sisi kwa kalamu ya mtu wa Tanga, akawafikia vijana wa California kwa rangi za bango la dansi.

Lakini hapo pia ndipo linapoanza swali gumu la mali. Mouse na Kelley hawakumwomba ruhusa Sullivan, ambaye alikuwa amefariki tangu mwaka 1933. Waliokota, wakatia rangi, wakatoa. Na wao wenyewe walilipwa ujira mdogo kwa kila bango, wakati nakala zilizopigwa baadaye ziliendelea kuuzwa. Wes Wilson aligombana na Graham juu ya fedha za mauzo, akamwacha mwezi Mei 1967. Bango lake la mwisho wakati ule lina nyoka na alama ya dola, na hakuna aliyehitaji kuuliza nyoka ni nani. Nafasi yake ilichukuliwa na Bonnie MacLean, mke wa Graham, aliyekuwa akiandika matangazo ya ukumbi kwa chaki, naye akachora mabango yapatayo 30 yanayotafutwa sana leo. Wilson alihamia shambani Missouri katika miaka ya 1970, akafuga ng'ombe, akafariki mwaka 2020. Moscoso alikuwa mwangalifu zaidi. Alianzisha mfululizo wake aliouita Neon Rose, akawapa wenye kilabu mabango ya kutangazia bila malipo, na hakimiliki akabaki nayo mwenyewe.

Sasa tushuke barabara ya Haight kuelekea mashariki. Ukichoka, basi la namba 7 litakuchukua. Karibu na mwisho wa barabara, kwenye namba 215, kuna kituo cha sanaa kiitwacho Haight Street Art Center kilichofunguliwa mwaka 2017. Huko huonyeshwa mabango, na kuna karakana ambamo mabango mapya hupigwa chapa kwa mkono. Mchapaji hutandaza kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, akaziba sehemu zisizotakiwa kupitisha wino, kisha akausukuma wino kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Kila rangi ina fremu yake. Bango lenye rangi sita hupita chini ya mkono wa mchapaji mara sita, na fremu ikisogea kidogo tu, nakala hiyo imeharibika.

Kazi za namna hii hutolewa kwa idadi maalumu. Chini ya picha, kwa penseli, utaona saini ya msanii na namba kama 25/100, maana yake hii ni nakala ya 25 katika nakala 100. Zikisha 100, vitambaa huoshwa na haitatolewa nyingine. Mnunuzi mwenye busara huuliza pia nakala za ziada za msanii mwenyewe ni ngapi, kwani hizo hazimo katika hesabu ya 100, na mwenye tamaa anaweza kuzifanya kuwa nyingi. Wachoraji wale wa zamani nao, walipozeeka, walitoa chapa za namna hii za kazi zao za ujana, zenye saini na namba. Kwa njia hiyo baadhi yao walipata hatimaye kula matunda ya mti waliopanda.

Hapo ndipo unapoiona tofauti. Uchache wa leo unapangwa kabla wino haujamwagwa. Uchache wa mabango ya mwaka 1966 haukupangwa na mtu. Yalipigwa mamia, na baadaye maelfu kadhaa, lakini mvua iliyanyeshea, pini ziliyatoboa, gundi iliyala, na wapangaji waliohama waliyaacha ukutani. Yaliyosalia ni machache kwa sababu hayakuthaminiwa. Ndiyo maana bango la mifupa na mawaridi la chapa ya kwanza, lisilo na doa, limepata kuuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola.

Penye bei ya namna hiyo, wadanganyifu hawako mbali. Bango likipendwa lilipigwa tena na tena miaka iliyofuata, na watu wengine wametengeneza ya bandia kabisa. Mkusanyaji wa kweli huwa kama mwanachuoni. Hupima karatasi kwa rula, kwani chapa ya pili mara nyingi hutofautiana na ya kwanza kwa milimita chache. Huipapasa ajue unene wake. Husoma jina la kiwanda lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Kisha huliweka bango gizani chini ya taa ya miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, kwa sababu karatasi nyingi za siku za karibu hutiwa dawa ya kuzing'arisha na chini ya taa hiyo huwaka kwa mwanga wa buluu, hali nyingi za zamani hubaki hafifu. Kinachotafutwa ni nakala iliyopigwa kabla ya dansi, kwa ajili ya dansi. Iliyopigwa baadaye ina mistari ile ile na rangi zile zile, lakini haikupata kumwita mtu yeyote aje kucheza.

Tumebakiwa na kituo kimoja. Turudi mitaa michache hadi barabara ya Fillmore, tupande basi la umeme namba 22, litupeleke kaskazini mpaka Geary. Jengo lile la matofali pembeni, lililojengwa mwaka 1912, ndilo ukumbi wa Fillmore. Kabla hujaingia, geuka uangalie barabara ilivyo pana na ilivyo tupu. Hapa palikuwa mtaa wa Wajapani hadi mwaka 1942, serikali ilipowakusanya na kuwapeleka kambini kwa sababu ya vita. Nyumba zao zilijazwa na Wamarekani weusi waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya meli, na ngoma ya jazi ikavuma hapa usiku kucha. Kisha wakuu wa mji waliutangaza mtaa kuwa mbovu, na kuanzia miaka ya 1950 wakabomoa nyumba, wakapanua Geary, na maelfu ya familia yakatawanywa.

Ukumbi huu wenyewe ulikuwa mikononi mwa mfanya biashara mweusi, Charles Sullivan, ambaye hana udugu na mchoraji wa mifupa. Alikuwa akiwaleta hapa wanamuziki weusi mashuhuri kwa miaka mingi, na ndiye aliyemfungulia Bill Graham mlango kwa mara ya kwanza Desemba 1965. Agosti 1966 Sullivan aliuawa kwa risasi. Graham aliendelea na ukumbi, na jina la Fillmore likaenda duniani likiwa jina la muziki wa vijana wa kizungu. Tazama namba moja hadi 287: mabango yanahesabiwa yote, na kila pini iliyotoboa pembe inaandikwa katika daftari la mnada. Lakini mtu aliyeufungua mlango hana namba.

Mwaka 2017, miaka 50 baada ya kiangazi kile, jumba la makumbusho la de Young lilitundika mabango haya kwa maonyesho makubwa. Jumba hilo liko katika bustani ile ile ya Golden Gate, ambako mwaka 1967 watu walikusanyika bila kiingilio. Safari hii mlangoni kulikuwa na tikiti, na kila bango lilitazamwa kwa staha ukutani. Siwalaumu wenye makumbusho. Bila kioo na kivuli, wino ule ungepauka na wajukuu wasingeona kitu. Nasema tu kwamba fremu hii na ile ya manjano ya Panhandle hazifundishi somo moja. Ile watu walipita ndani yake. Hii inatuambia tusimame nje.

Hata hivyo, msomaji wangu, usitoke San Francisco na huzuni. Panda ngazi za Fillmore usiku wa dansi. Juu utakuta kapu la matofaa ya bure, desturi ambayo Graham aliianza na iliyoendelea hata baada ya kifo chake mwaka 1991. Kuta za juu zimejaa mabango ya miaka yote. Na dansi ikiwa imejaza ukumbi, watu wakitoka mlangoni hupewa kila mmoja bango jipya la usiku ule, bila senti moja. Wengine huliviringisha kwa uangalifu na kulitia katika mrija wa karatasi ngumu walioubeba kutoka nyumbani, wakijua bei ya kesho. Wengine hulikunja mara nne na kulisokomeza mfukoni kwa sababu wimbo wa mwisho ungali unawaimba kichwani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mabango haya yanatukumbusha kwamba kizuri chaweza pia kutolewa, na kwamba mtoaji mara nyingi hasahauliki mpaka bei inapopanda. Basi siku utakapofungua sanduku la marehemu shangazi ukakuta karatasi ya zamani, tangazo la dansi ya mwaka fulani lenye majina ya wanamuziki waliokwisha kuzikwa, usikimbilie kuuliza litauzwa kiasi gani, wala usilifungie sambusa. Kaa na wazee wako wangali hai. Uliza nani alilichora, nani alilipiga chapa, ukumbi ulikuwa wa nani, na shangazi alicheza na nani usiku ule. Yaandike majibu nyuma ya bahasha, uiweke pamoja na karatasi. Mkusanyaji hodari kuliko wote, mwenye taa na rula na fedha, hawezi kuyapata majibu hayo katika karatasi peke yake.